Ukurasa Ambao Sikuufungua

Siku zile nilikuwa najisikia sana. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalitoka humo. Watu wakisimulia aibu zao hupenda kuanza na bahati mbaya, na mimi sikupatwa na bahati mbaya yoyote.

Mimi ni fundi umeme wa mitambo mizito. Meza yangu iko Gerezani, ubavuni mwa Kariakoo, chini ya bati, kati ya muuza beringi na mchomeleaji. Mafundi walionifundisha kazi waliegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, wakaweka sikio kwenye mpini, wakakwambia kinachoumwa. Mitambo ya siku hizi inajieleza yenyewe. Kitu kikienda kombo, kompyuta iliyo ndani ya mtambo inaandika namba ya hitilafu, na pembeni yake inaandika mtambo ulikuwa umefikisha saa ngapi za kazi hitilafu ilipotokea. Ukiwa na waya wa kuchomeka na programu yake, unasoma kama muuguzi anavyosoma kadi ya kliniki. Pale mtaani wenye vitu hivyo hatukuzidi watatu, na wale wawili walikuwa wanabahatisha tu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, tena kwa sauti, wakiwepo.

Asubuhi moja alinipigia simu mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo, mtu wa Kilimanjaro, muuza ndoo na mabeseni. Alikuwa anajenga ghorofa mahali palipokuwa na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Alichoka kukodi mitambo, akanunua eskaveta yake iliyotumika, ile ambayo wengi huiita katapila, achimbie msingi wake kisha aikodishe kwa wengine. Haikuwa imetimiza miezi miwili tangu itoke yadi ya kuuzia mitambo, na sasa injini ilikuwa imekufa katikati ya shimo. Ilipiga kelele mara moja, ikatoa moshi mweupe, ikagoma kabisa kuzunguka.

"Sikuiti uitengeneze," aliniambia. "Wa kutengeneza wapo. Nataka unisomee ni nani kaiua."

Nilimwelewa. Injini ikichemka, au presha ya oili ikishuka, kengele hulia ndani ya kibanda cha opereta, na opereta anatakiwa azime papo hapo. Akiendelea kuchimba, ameua mtambo. Na kwa kuwa kila hitilafu inaandikwa, mwenye waya atajua tu. Nikamwambia nakuja, nikavaa ovaroli safi.

Niliposhuka shimoni nilikuta watu wamejaa. Yule bosi ni mtu wa Kariakoo, na Kariakoo robota la nguo hufunguliwa mbele ya mashahidi, asije mtu baadaye akasema vingine. Alikuwa amewaita vibarua wote, msimamizi wa ujenzi, mama lishe anayewapikia, na majirani wawili wenye maduka. Opereta alisimama peke yake karibu na cheni ya mtambo, ameishika kofia yake ngumu kwa mikono miwili.

Alikuwa mzee wa kutoka kusini, umri wa baba yangu, mtu wa swala tano na maneno machache. Alikuwa amekaa juu ya mitambo zaidi ya miaka thelathini. Nilimfahamu kwa sifa kabla sijamwona, maana viwanja vya Kariakoo vimebanana, na yeye aliweza kuchimba ubavuni mwa ukuta wa jirani bila kuangusha hata plasta. Wenye majengo walikuwa wakigombea siku zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Isome vizuri. Kengele haikulia hata mara moja. Ingelia ningezima."

"Mashine haina undugu na mtu, mzee," nikamjibu. Watu wakacheka, na mimi nikafurahi kwamba wamecheka. Nikikumbuka furaha ile uso unaniwaka hata nikiwa peke yangu.

Nilipanda, nikachomeka waya, nikaiweka kompyuta juu ya cheni ili kila mtu aone. Dashibodi ilisoma saa elfu nne mia tatu themanini na sita. Bosi alikuwa na karatasi ya yadi mkononi: siku aliyoinunua ilikuwa na elfu nne mia moja na thelathini. Kwa hiyo chochote kilichotokea kati ya namba hizo mbili kilitokea mikononi mwa mzee, kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kuiendesha hapo. Nilimweleza bosi hivyo kwa utaratibu, kama mwalimu, na nikasubiri mpaka wale majirani nao wakaitikia kwa kichwa.

Kioo kikaonyesha mistari sita. Minne ya juu ilikuwa mambo madogo ya zamani. Mstari wa tano: injini kuchemka, saa ya elfu nne mia mbili kumi na saba. Mstari wa sita: presha ya oili kushuka, saa ya elfu nne mia tatu na mbili. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, paliandikwa kwamba huo ulikuwa ukurasa wa kwanza kati ya miwili. Niliyaona maandishi hayo. Sikubonyeza, kwa sababu nilikuwa tayari nimepata nilichokitafuta na watu walikuwa wananisubiri niseme.

Nikasoma kwa sauti. Kisha nikamgeukia mzee. "Ililia mara mbili, siku tofauti, na mara zote mbili hukuzima. Ama hukusikia, ama ulisikia ukapuuza. Chagua moja."

Kibarua mmoja alipiga mluzi. Mzee alisogea akaiangalia ile kompyuta kwa muda mrefu, ingawa maandishi yale yalikuwa ya Kiingereza, naye hawezi kuyasoma. Nilidhani atabisha, na nilikuwa na majibu yangu tayari.

"Basi sikusikia," alisema.

Bosi akamwomba ufunguo. Aliutoa mfukoni, akaukabidhi kwa mikono miwili, akaaga mmoja mmoja kama mtu anayetoka msibani, akapanda ile njia ya udongo mpaka barabarani. Mama lishe ndiye pekee aliyemsindikiza. Mimi nilikuwa nakunja waya wangu.

Bosi alitaka ripoti ya maandishi yenye muhuri, aiweke kwenye faili. Siku ya tatu nikaketi mezani kwangu kuiandika. Usomaji wote nilikuwa nimeuhifadhi kwenye kompyuta, na kwa kuwa safari hii hapakuwa na wa kunishangilia, nikabonyeza ukurasa wa pili.

Palikuwa na mistari mitatu. Saa ya elfu saba na mia nane. Saa ya elfu nane na mia tisa. Saa ya elfu tisa mia sita kumi na mbili.

Niliirudia kuisoma nikidhani nimekosea. Mtambo wenye saa elfu nne na ushei hauwezi kuwa umeugua kwenye saa ya elfu tisa, kwa sababu haujafika huko. Kama umewahi kufika huko, basi mtu alirudisha masaa yake nyuma.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wengi wetu wa kazi hii hatulielezi. Mitambo iliyotumika inapoingia, kabla haijapigwa rangi mpya na kubandikwa stika, baadhi ya yadi hung'oa dashibodi na kuipeleka kwa fundi ayapunguze masaa. Mnunuzi akija anaona mtambo kijana. Fundi hauoni mtambo wenyewe. Analetewa dashibodi tu, imefungwa kwenye taulo au gazeti, anafanya kazi yake, anairudisha. Dashibodi inasema uongo mpya, lakini kompyuta ya injini, usipoifuta nayo, inabaki na kumbukumbu zake za kweli. Ningependa kuandika kwamba kazi hiyo niliiacha siku ile ile. Niliiacha baadaye, na si kwa wema. Yadi zilipata mtu wa haraka kuliko mimi.

Wenye uwezo wa kurudisha masaa pale mtaani hatukuzidi watatu, na nimeshasema nilivyokuwa nikiwasema wale wawili. Moyo ulishanieleza. Hata hivyo nilimpigia bosi nikamwambia nahitaji picha za ripoti, nikarudi shimoni, nikaingia kibandani na tochi ya simu. Mimi nina tabia yangu: nikimaliza dashibodi naweka tone la rangi ya kucha kwenye skrubu moja ya nyuma, nipate kujua kama mtu mwingine ameifungua. Mke wangu amegombana nami sana kuhusu chupa hiyo. Niliinama, nikamulika, na tone lilikuwepo, jekundu, limekauka vizuri.

Nilikaa kwenye kiti cha mzee. Mtambo ule ulikuwa na karibu saa elfu kumi. Kuchemka kule na presha ile vilitokea ng'ambo, miaka mingi kabla haujapakiwa melini, opereta akiwa mtu mwingine kabisa. Injini ilikufa kwa uzee, uzee ambao mimi niliuficha mezani kwangu huku nakunywa chai. Kisha nikaja, nikausomea watu uongo wangu mwenyewe kama ushahidi, na nikamtaka baba wa watu achague moja.

Na bado niliiandika ile ripoti. Bosi alinipigia mara mbili akiiulizia. Nikaweka ukurasa wa kwanza peke yake, nikagonga muhuri, nikampelekea dukani, naye akanishukuru mbele ya wateja wake. Hilo ndilo ninaloona taabu zaidi kuliandika, maana siku ya shimoni nilikuwa sijui, na siku ya dukani nilikuwa najua.

Ulipita karibu mwezi. Mchana mmoja yule mama lishe alipita Gerezani kuchomelesha jiko lake kwa jirani yangu. Aliponiona alinisalimia bila kutabasamu. Nilimuuliza habari za mzee kwa namna ya kupitisha wakati tu.

"Amekataa kazi," alisema. "Kule bondeni Jangwani wanazibua mto, walimfuata mpaka nyumbani wakitaka aendeshe. Anasema hapana, masikio yake yamekwisha, atakuja kuua mtu. Nyie mlimfanya nini yule mzee?"

Alisema nyie, lakini alikuwa ananitazama mimi. Nikamwomba anielekeze kwake.

Aliishi Ilala, chumba na ukumbi kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Nilimkuta uani, ameketi kwenye mkeka, anachambua mchele kwenye ungo ili mkewe apike. Aliniitikia shikamoo, akaniita mwanangu, akaagiza niletewe chai. Hakuuliza nimefuata nini. Badala yake alitoa karatasi ya hospitali chini ya mkeka, akanipa niisome kwa kuwa mimi ni mtu wa vipimo.

Ilisema masikio yote mawili ni mazima.

"Nilifurahi nilipoambiwa," alisema. "Halafu nikawaza njiani. Masikio ni mazima, na kengele ililia mara mbili sikuisikia. Basi tatizo liko humu." Akagusa paji la uso. "Baba yangu ilimwanza hivyo hivyo. Siku hizi nikivuka barabara namshika mama yako mkono."

Mkewe aliyekuwa jikoni aligeuza uso. Nilitaka ardhi ipasuke nizame na kikombe chao mkononi. Nikasema haraka haraka, "Mzee, mashine ilikosea. Wewe huna tatizo."

"Usinifariji, mwanangu. Ulisema mwenyewe, haina undugu na mtu."

Hapo nikaona kwamba hakuna neno la upole litakalomsaidia. Alikuwa ameuamini usomaji wangu kuliko masikio yake, kuliko miaka yake thelathini, kuliko daktari. Kilichobaki ni kumweleza namba zilivyofika pale, na kueleza hivyo ni kujitaja. Nikajitaja. Nilimwambia kuhusu yadi, taulo, dashibodi, ukurasa wa pili na rangi ya kucha. Nilikuwa naongea nikiangalia ungo, na vidole vyake viliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Siku ile shimoni ulijua?"

"Sikujua, mzee."

"Na ile karatasi uliyompelekea bosi? Nasikia ina muhuri."

"Hiyo nilijua."

Alipepeta ungo mara mbili tatu, akautua. Nilitamani anitukane. Alimwita mkewe, akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Kengele haikulia." Mkewe akasema alhamdulillahi, akakaa chini pale pale mlangoni, akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Twende ukaseme," mzee aliniambia. "Pale pale, mbele ya wale wale. Sitaki kingine kwako."

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Alivaa shati lililopigwa pasi na baraghashia, na kwenye barabara ya Msimbazi alivuka peke yake, mbele yangu, bila kunisubiri. Eskaveta ilikuwa imefungwa injini nyingine ya mtumba na ilikuwa imesimama, kwa sababu opereta wawili waliokuja baada yake walikuwa wameshauvunja ukuta wa jirani. Bosi akawaita watu kama mwanzo: vibarua, msimamizi, mama lishe, wale majirani.

"Haya, fundi. Umesema una neno."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Nikasema, "Nilikosea kusoma. Zile hitilafu mbili hazikutokea kwa mzee. Kengele haikulia."

Minong'ono ikapita. Mzee alikuwa ananitazama, anangoja niendelee. Bosi naye alikuwa anangoja, lakini yeye alikuwa anapiga hesabu, maana mtu hauzi mabeseni kwa jumla miaka yote ile bila kujua kupiga hesabu.

"Hazikutokea kwa mzee, zilitokea kwa nani?"

"Ni za zamani. Za huko ilikotoka."

"Huko ilikotoka? Mtambo ulinifikia una elfu nne mia moja na thelathini. Hitilafu unaniambia ni za mia mbili na kitu na mia tatu na kitu. Za zamani zinakuwaje baada ya siku niliyonunua?" Akanisogelea. "Au masaa yamechezewa?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi niliyokwenda kuifanya. Neno lilikuwa moja tu, ndiyo, na baada yake lingekuja lile la pili, ni mimi. Nikawaza meza yangu, yadi, wateja, mchomeleaji na muuza beringi watakavyoliongea. Nilimtazama mzee, naye hakunikonyeza wala hakunihimiza. Alisimama tu na uso wake ule wa siku zote.

"Hayajachezewa," nikasema. "Ni kompyuta yangu. Ina matatizo, nimeshaipeleka kwa fundi."

Nilisikia sauti yangu ikiyasema hayo kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyezoea. Bosi aliendelea kunikazia macho. Kisha akamgeukia mzee.

"Mzee, wewe ndiye uliyeumia. Umeridhika na maelezo haya?"

Mzee alikuwa anajua kila kitu mpaka rangi ya ile skrubu. Watu wote pale walikuwa upande wake. Sentensi moja tu ingetosha, na ningekuwa nimemalizwa mahali pale pale nilipommaliza yeye, na ingekuwa haki yake.

"Nilitaka isemwe kwamba kengele haikulia," alisema. "Imesemwa?"

"Imesemwa," bosi akajibu.

"Basi mimi sina zaidi."

Alinisitiri. Nilimvua nguo mbele ya watu wale, na mbele ya watu wale wale akanifunika. Bosi akamshika mkono akamwomba radhi, akamrudishia ufunguo, na vibarua wakapiga makofi. Mama lishe alipiga kigelegele. Mimi nilipiga makofi pia, kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi.

Mzee alivua baraghashia, akaikunja akaitia mfukoni, akavaa kofia ngumu, akapanda. Injini ikawaka. Dashibodi iliwaka nayo na namba zangu, na bosi akaegemea mlangoni akiziangalia kwa kuridhika, kama mtu mwenye mtambo kijana. Mzee aliinua mkono wa mtambo taratibu, akasita, akafungua kioo cha pembeni. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nilipoongea.

"Fundi, sogea," aliniambia. "Hapo uliposimama sikuoni."

Nikasogea. Akafunga kioo, akaanza kuchimba.